Kuacha chang'aa kwa ghafla kwaweza kuua

Ikiwa una ndugu ambaye pombe imemshinda, yamkini umewahi kupewa ushauri huu: mtoe mjini, mpandishe basi, mkabidhi kwa mzee nyumbani, afungiwe siku 3 bila kuonja hata tone, naye akitoka humo atakuwa mtu tena. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema katika vikao vya jamaa kule Kawangware na Kangemi, na mara nyingi anayeutoa ni mtu aliyesoma na mwenye kazi yake nzuri. Kasoro yake ni moja tu. Kwa mtu ambaye mwili wake umezoea pombe kila siku kwa miaka mingi, siku 3 hizo za kufungiwa ndizo zinazoweza kumwua.

Wengi hawaamini wanapoambiwa hivyo. Tumezoea kusikia kwamba pombe ndiyo inayoua, kwa hiyo mtu akiiacha tunadhani hatari imekwisha. Lakini muulize muuguzi yeyote aliyewahi kufanya kazi katika wadi ya magonjwa ya akili. Atakuambia kwamba mgonjwa wa pombe anayemtia wasiwasi zaidi si yule aliyeletwa amelewa chakari, bali ni yule aliyekunywa mara ya mwisho juzi.

Miwa na mtungi

Tuchukue Malava kuwa mfano wetu. Si kwa sababu watu wa huko ni walevi kuliko wa Murang'a au Machakos, la. Ni kwa sababu mambo yote yanayohusika hukutana pale. Malava ni mji mdogo kando ya barabara ya kutoka Kakamega kwenda Webuye, katika nchi ya Wakabras, ambao ni mojawapo ya jamii za Waluhya. Hapo kando pana msitu wa Malava, na kwingine kote ni miwa mpaka macho yachoke. Kiwanda cha West Kenya, kinachotengeneza sukari ya Kabras (jina ambalo vijana wa Nairobi wanalijua zaidi kwa sababu ya raga), kiko huko, na kile cha Butali pia.

Penye miwa pana molasi na sukari nguru, na penye vitu hivyo viwili chang'aa haiwi mbali. Wazee walikuwa na busaa yao ya mahindi na wimbi, wakiinywa kwa mirija huku wameuzunguka mtungi, na mara nyingi palikuwa na shughuli: mazishi, tohara, au majirani waliokuja kusaidia shambani. Chang'aa ni kinywaji cha namna nyingine. Watafiti waliopima vinywaji hivi magharibi mwa Kenya, wakachapisha matokeo yao mwaka wa 2010, waliona kwamba busaa ina yapata asilimia 4 ya alkoholi, ilhali chang'aa ina yapata asilimia 34. Maana yake ni kwamba glasi moja ya chang'aa inakaribia glasi 8 za busaa. Mzee anayekunywa busaa jioni moja kwa juma, na kijana anayekunywa chang'aa tangu alfajiri hadi usiku, hawamo katika safari moja hata kama sote tunawaita walevi.

Serikali imejaribu sheria tangu zamani. Mwaka wa 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kabisa. Mwaka wa 2010 ikaja sheria ya kudhibiti vileo, ile ambayo wananchi waliipa jina la Mbunge John Mututho, ikaifuta ya 1980 na kuruhusu chang'aa itengenezwe na mwenye leseni. Ile ya jikoni isiyo na leseni ilibaki haramu, na ilibaki kupikwa. Mama mjane anayeipika huitegemea kwa karo ya watoto. Askari wanaweza kumwaga madumu yote ya leo, lakini karo ya muhula ujao itadaiwa vile vile.

Kifo cha pombe ambacho magazeti hukiandika ukurasa wa kwanza ni kile cha methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Mwezi wa Novemba 2000 sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi, na mwezi wa Februari 2024 ikaua wengine zaidi ya 10 huko Kirinyaga. Kifo tunachokizungumzia hapa hakiandikwi popote. Humpata mtu mmoja mmoja, chumbani, akiwa mkavu asiye na harufu ya pombe, na jamaa husema alikufa kwa malaria au alilogwa.

Saa baada ya saa

Pombe hutuliza ubongo. Ndani ya ubongo mna kemikali zinazofanya kazi kwa kupingana: moja, iitwayo gaba, hutuliza, nyingine, iitwayo glutameti, huamsha. Pombe huipa nguvu ya kwanza na kuikandamiza ya pili. Mtu akinywa kila siku, ubongo haukubali kulazwa hivi hivi. Hupunguza utulivu wake wa asili na kuzidisha ule uamsho, ili mwenyewe aweze kutembea na kusema hata akiwa na kiasi cha pombe ambacho kingemwangusha mtu mwingine. Fikiria watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja nje na mwingine ndani. Mradi wote wawili wanasukuma, mlango husimama. Yule wa ndani akiondoka ghafla, wa nje huingia kwa kishindo na kuvunja vyombo.

Ndiyo sababu ya mazoea ambayo walevi wetu huyaita kutoa loki, na ambayo Kiswahili sanifu huyaita kuzimua: ile glasi ya alfajiri inayonywewa ili mikono iache kutetemeka. Watu huifanyia mzaha. Hakuna mzaha hapo. Mtu ambaye hawezi kushika kikombe cha chai bila kutoa loki kwanza, huyo mwili wake umekwisha kuitegemea pombe, na huyo ndiye asiyefaa kufungiwa.

Sasa mpandishe kwenye basi. Tuseme alikunywa glasi yake ya mwisho Ijumaa saa kumi na mbili jioni, na basi likaondoka Nairobi usiku. Kufikia alfajiri ya Jumamosi, saa 12 baadaye, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, moyo unakwenda mbio, anatapika na hataki chai. Nyumbani watasema ni baridi ya Timboroa imempiga njiani. Jumamosi mchana na usiku wake ndio wakati wa kifafa. Mtu ambaye hajawahi kuanguka kifafa maishani mwake huanguka, hukakamaa, hutupa mikono na miguu, hujikojolea. Wengine huanguka mara moja tu, wengine mara kadhaa, na kwa kawaida huwa ni ndani ya saa 48 za kwanza.

Kisha huja Jumapili jioni na Jumatatu. Wengi kufikia hapo huanza kupata nafuu, na tuseme ukweli: walio wengi hawavuki hatua ya mtetemeko na kukosa usingizi. Lakini kati ya kila wagonjwa 100 wanaolazwa hospitalini kwa dalili za kuacha pombe, 3 hadi 5 huingia katika hali ambayo madaktari huiita deliriamu tremensi. Mtu hajui leo ni siku gani wala yuko wapi. Huona panya na wadudu ukutani, huwafukuza, huzungumza na watu wasiokuwapo, huvuta vuta blanketi kana kwamba anachuma kitu. Mwili huwaka joto. Shinikizo la damu hupanda. Akiachwa hivyo hufa kwa moyo kushindwa, kwa kukaukiwa na maji, kwa nimonia, au hutoroka usiku akaingia kwenye miwa. Kabla ya tiba za kisasa, hospitali zilipoteza hadi wagonjwa 35 kati ya 100 waliofikia hali hiyo. Kwa tiba inayofaa, hawazidi 5.

Waliokaa Pwani wataniuliza juu ya unga, yaani heroini, maana arosto ya unga inajulikana Mombasa na Malindi kwa mateso yake: maumivu ya mifupa, kuhara, kukosa usingizi juma zima. Ni mateso kweli, na tangu mwishoni mwa 2014 kliniki za methadoni zimefunguliwa nchini kuwasaidia hao. Hata hivyo arosto yenyewe ni nadra kumwua mtu mzima anayepata maji ya kutosha. Pombe, inayouzwa kila mtaa na ambayo hatuihesabu kuwa dawa ya kulevya, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi wakati wa kuachwa. Bangi na miraa hazifanyi hivyo.

Madaktari wenyewe walichelewa kulijua jambo hili. Thomas Sutton, daktari wa Kiingereza, aliieleza deliriamu hiyo mwaka wa 1813, lakini kwa zaidi ya miaka 100 baadaye wengi waliendelea kubishana kama chanzo ni pombe yenyewe, au njaa na upungufu wa vitamini, au kuacha. Mwaka wa 1955 Harris Isbell na wenzake huko Lexington, Kentucky, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia wanaume waliokuwa watumiaji wa mofini. Waliwanywesha pombe kila siku huku wakiwapa chakula kizuri na vitamini. Wale 6 waliofululiza kwa siku 48 hadi 87 walikatiwa pombe ghafla. Walitetemeka, wengine wakaanguka kifafa, wengine wakaweweseka. Chakula kizuri hakikuwakinga. Ni jaribio ambalo leo hakuna kamati ya maadili ingelikubali, na sawa kabisa, lakini jibu lake bado ndilo linalotuongoza.

Si malaria, si majini

Magharibi mwa Kenya ni nchi ya malaria, na hapo ndipo mambo huchanganyika. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, anatapika, mwili una joto, baadaye anapayuka na kuanguka kifafa. Kila mmoja wa majirani atakuambia hiyo ni malaria imepanda kichwani. Huenda ikawa kweli! Malaria kali huleta dalili hizo hizo, na mlevi naye huumwa na mbu kama watu wengine. Kwa hiyo mtaalamu hachagui kwa kukisia. Hupima damu kutafuta malaria, hupima sukari ya damu, maana mlevi asiyekula huweza kuishiwa na sukari mwilini, na hupapasa kichwa kutafuta jeraha, kwani aliyeanguka baiskeli wiki iliyopita anaweza kuwa anavuja damu ndani ya fuvu. Kisha huuliza swali ambalo jamaa husahau kulijibu, au huona haya: alikunywa lini mara ya mwisho?

Swali hilo likikosa kujibiwa, mgonjwa hupewa dawa za malaria peke yake na kurudishwa nyumbani. Au hapelekwi hospitali kabisa, bali huitiwa waombezi. Hatuna ugomvi na maombi. Yaendelee, lakini yaendelee mgonjwa akiwa kitandani hospitalini.

Kuna mahali pengine ambapo siku ya pili humkuta mtu bila msaada, napo ni seli ya polisi. Aliyekamatwa Ijumaa kwa ulevi hukaa hadi Jumatatu apelekwe kortini. Akianza kutetemeka na kupiga kelele Jumapili, wenzake na askari hudhani anajifanya. Ukiwa na jamaa aliyekamatwa katika hali hiyo, usingoje Jumatatu. Mwambie mkuu wa zamu waziwazi kwamba mtu huyu hunywa kila siku na anahitaji kuonwa na mhudumu wa afya.

Kazi ya muuguzi

Neno "akili" huwatisha watu. Ukisema mgonjwa wa pombe apelekwe kwa muuguzi wa magonjwa ya akili, jamaa watakujibu kwamba ndugu yao si mwendawazimu wa kupelekwa Mathari. Hospitali ya Mathari ina sifa hiyo tangu ilipofunguliwa mwaka wa 1910, na haitaondoka upesi. Lakini Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliwatambua watu walioathirika akili kwa pombe na dawa za kulevya kuwa wagonjwa wanaostahili kutibiwa, na si lazima safari iende Nairobi. Mjini Malava pana hospitali ya serikali. Ile ya rufaa ya Kakamega, iliyokuwa ya mkoa, iko umbali wa kilomita zaidi ya 20 na ina kitengo cha magonjwa ya akili. Madaktari bingwa wa akili nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Mashambani anayebeba mzigo huu ni muuguzi na afisa wa kliniki.

Muuguzi mzuri huanza kwa maswali, na huyauliza bila kugomba. Yapo maswali 4 mafupi ambayo daktari John Ewing aliyachapisha mwaka wa 1984 na ambayo hutumika ulimwenguni kote: kama umewahi kuona inafaa upunguze kunywa, kama watu wamekuudhi kwa kukulaumu, kama umewahi kujiona mkosaji kwa sababu ya pombe, na kama hunywa asubuhi ili utulie. Hilo la nne ni lile la kutoa loki. Shirika la Afya Duniani nalo lina orodha yake ya maswali 10. Ukimwuliza mlevi anakunywa kiasi gani, atakuambia "kidogo tu." Ukimwuliza anatumia shilingi ngapi kwa siku, na nani huwa anamlipia zaidi ya hizo, hesabu huanza kuonekana. Mama mpishi yafaa aulizwe kama huionja anayoipika, kwani wapo wanaoonja tangu asubuhi hadi jioni na hawajihesabu kuwa wanywaji.

Halafu huja kupima, na kupima tena. Mapigo ya moyo, shinikizo la damu, joto la mwili, mtetemeko wa mikono iliyonyooshwa, jasho la kipaji, wasiwasi, anachokiona na kukisikia. Iko karatasi ya mambo 10 iliyotungwa Kanada na kufupishwa mwaka wa 1989, yenye alama 67 kwa jumla. Mwenye alama chache huhitaji maji, chakula, utulivu na mtu wa kukaa naye. Alama zikipanda, dawa huongezwa. Jambo la maana si karatasi yenyewe, bali ni muuguzi kurudi kitandani kila baada ya saa chache, hata usiku wa manane, akaijaza upya.

Dawa inayotumika sana ni diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium. Hufanya kazi kupitia ile gaba niliyoitaja, kwa hiyo hushika mahali pa pombe kwa muda, kisha hupunguzwa siku baada ya siku hadi iishe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi. Mwenye ini lililoharibika huhitaji uangalifu zaidi na pengine dawa nyingine ya ukoo huo huo. Usiende dukani kuinunua ukampa mwenyewe nyumbani. Diazepamu na chang'aa zikikutana tumboni zinaweza kumzuia mtu kupumua, na hutajua mpaka asubuhi.

Dawa ya pili ni rahisi na watu huidharau: thiamini, yaani vitamini B1. Mlevi wa miaka mingi hali vizuri, na tumbo lake halifyonzi vitamini hiyo inavyotakiwa. Ikipungua sana hupata ugonjwa ambao Mjerumani Carl Wernicke aliueleza mwaka wa 1881: macho hayatulii, miguu inayumba kama ya mtu aliyelewa ingawa hajalewa, na akili inachanganyika. Usipotibiwa upesi, kumbukumbu hupotea na hairudi. Mtu mwenye miaka 40 humsahau mgeni aliyetoka kuzungumza naye robo saa iliyopita. Hapa pana kosa linalofanywa kwa huruma. Jamaa humwona ndugu yao amedhoofika, wakaomba atundikiwe "maji ya glukosi" haraka. Sukari ikimiminwa katika mwili usio na thiamini huweza kuuchochea ugonjwa huo. Kwa hiyo thiamini hutangulia, tena kwa sindano. Ikiwa sukari ya damu imeshuka kiasi cha hatari, hakuna kungoja. Vyote viwili hupewa pamoja.

Kisha kuna uuguzi wenyewe, ambao hauuzwi katika chupa. Anayeweweseka hulazwa mahali penye mwanga hata usiku, kwa sababu giza huzaa vivuli na vivuli huzaa majoka. Muuguzi humwita kwa jina lake, humwambia leo ni siku gani na yuko wapi, tena na tena bila kuchoka. Habishani naye juu ya panya anaowaona, wala hamdanganyi kwamba naye anawaona. Humwambia kwamba yeye haoni kitu, ila anajua jinsi jambo hilo linavyotisha, na kwamba yuko salama. Mama au ndugu anayemfahamu huruhusiwa kukaa karibu. Hapigwi, na hafungwi kwa kamba. Mtu aliyefungwa hupigana na kamba, joto likapanda zaidi, moyo ukazidiwa. Wauguzi wawili wenye zamu ya wagonjwa 40 watakuambia kwamba hayo ni rahisi kuandika gazetini kuliko kutenda, nao wana haki.

Kabla hujafika hospitalini

Ikiwa ndugu yako hunywa kila siku na hutoa loki, usimnyang'anye pombe yote ghafla kabla hujampatia mahali pa kutibiwa. Najua ushauri huu utawakera wengi, hasa waliookoka. Lakini ni afadhali apunguze kidogo kidogo kwa siku chache huku mkitafuta nafasi hospitalini kuliko kukata kwa siku moja mkiwa peke yenu. Akishaanza kuchanganyikiwa au kuanguka kifafa, wakati wa kupunguza umepita: usimpe kinywaji chochote, mpeleke hospitali mara moja. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye amewahi kuanguka kifafa au kuweweseka alipoacha siku za nyuma. Kila safari ya kuacha ghafla huweza kuwa mbaya kuliko iliyotangulia, kwa hiyo yule "aliyefungiwa mwaka jana na hakufa" hana kinga yoyote.

Akianguka kifafa, msimkandamize. Ondoeni vitu vya kumwumiza, mlaze ubavu, na msimtie kijiko mdomoni. Tazameni saa. Mkifika hospitalini mwambieni mhudumu alikunywa nini, kiasi gani, na saa ngapi mara ya mwisho. Mkiyaandika kwenye karatasi ni vizuri zaidi, maana mjomba anayemsindikiza huenda asiwe yule aliyekuwa naye Ijumaa. Hakikisheni pia kama amesajiliwa katika bima ya SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Anayetaka ushauri kwa simu anaweza kupiga 1192, nambari ya bure ya NACADA.

Siku ya sita

Mtetemeko huisha. Siku ya tano au ya sita mgonjwa anakula ugali, anacheka, anaomba kurudi nyumbani, na jamaa wanaona kazi imekwisha. Kumbe kilichoondoka ni sumu tu. Hamu ya pombe iko pale pale, na kijijini anakorudi nyumba ya tatu inapika.

Baadhi ya jamaa hapo huleta dawa ya kumtilia kwenye chakula kwa siri ili akinywa atapike. Ipo dawa ya kweli ya namna hiyo, disulfiramu, iliyogunduliwa kufaa kwa kazi hii huko Denmark katika miaka ya 1940. Humsaidia anayeitaka, anayejua anaimeza, na aliyepimwa ini na moyo. Kumpa mtu asiyejua ni kumtegea, kwani akinywa juu yake shinikizo la damu linaweza kuanguka akafa.

Linalosaidia zaidi ni mazungumzo ya mpango, na habari njema ni kwamba yamejaribiwa hapa hapa kwetu. Huko Eldoret, mji usio mbali na Malava, watafiti wakiongozwa na Rebecca Papas waliwafundisha washauri wasio madaktari kuendesha vikao 6 vya vikundi kwa Kiswahili kwa wagonjwa wa virusi vya Ukimwi waliokunywa pombe kupita kiasi. Katika jaribio kubwa la watu 614, lililochapishwa mwaka wa 2021, waliohudhuria vikao hivyo walipunguza kunywa kuliko wenzao waliopewa mafundisho ya kawaida ya afya. Mambo yanayofundishwa si ya ajabu: kutambua saa na mahali hamu inapokuja, kujifunza kumkatalia rafiki anayekununulia, kupanga siku ya mshahara ipite vipi. Kwa mkulima wa Malava siku hiyo ni ile ambayo kiwanda kinalipa miwa, na ni vyema mkewe au ndugu yake awe pamoja naye anapopokea.

Akianguka tena akanywa, na wengi huanguka, hiyo si sababu ya kumtupa wala ya kumfungia. Ni sababu ya kumrudisha kwa muuguzi yule yule, ambaye ana faili yake na anakumbuka usiku ule wa panya. Kwa hiyo kabla hamjalipa na kutoka wadini, ombeni tarehe ya kliniki iandikwe kwenye kadi, na wewe uliye Nairobi iandike kwenye kalenda yako. Nauli ya kwenda na kurudi siku hiyo ni msaada kuliko pesa za mkononi, ambazo hujui zitaishia kwa nani.